Ukarimu Wenye Saa za Kazi: Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Kijiji cha Maji Moto

Kwa Mkuu wa Kijiji,
Kwa chama cha wenye nyumba za wageni,
Kwa kampuni inayoendesha basi la kijiji,

Shikamooni wazee wangu.

Barua hii, inayohusu basi lenu la mwisho linaloondoka kabla treni ya jioni haijafika, mmekwisha kuipata kwa Kijapani, kwa posta, kurasa tatu. Mwalimu wangu wa lugha aliisahihisha, akafuta sentensi nne, akasema zinauma. Katika hii ya Kiswahili nimezirudisha zote nne. Naiweka hadharani kwa sababu sisi Waswahili tunaoishi Japani, kila majira ya baridi yakikaribia, tunaulizana swali lilelile: mama anakuja kunitembelea, nimpeleke wapi akaone theluji na maji ya moto? Wengi hutaja kijiji chenu. Mimi pia nilikuwa nikikitaja. Hapa jina lake silitaji. Ninyi mnajijua, na nitakayoyasema majirani zenu wa bonde la pili wangeweza kuyasoma wakadhani wameandikiwa wao.

Kwetu ni Tanga. Huu ni mwaka wangu wa sita katika mkoa wa Nagano, na kazi yangu ni kuwatunza wazee. Kazi hiyo imenifundisha jambo nitakalolirudia mbele: mzee wa Kijapani akisharudisha leseni yake ya gari, dunia yake yote inabaki na ukubwa wa ratiba ya basi.

Desemba iliyopita Mama Mkubwa, dada yake mama, alikuja kunitembelea. Ana miaka 68 na magoti yanayomlalamikia kila ngazi. Nikaweka nafasi ya usiku mmoja kwenu, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi, kama ilivyo desturi ya ryokan, nyumba ya wageni ya jadi ya Kijapani. Kwenye ukurasa wa nyumba hiyo, chini ya picha ya bafu la nje lililozungukwa na theluji, paliandikwa: dakika 20 kwa basi kutoka kituo cha treni. Nikaridhika.

Treni yetu iliingia kituoni saa 11:45 jioni. Giza lilikuwa limeshatanda zamani, maana Desemba huku jua huzama saa kumi na nusu. Kituo hakina mfanyakazi hata mmoja, kama vituo vingi vya mashambani Japani siku hizi. Unaacha tikiti kwenye sanduku, unatoka. Nje pana kibanda cha basi chenye taa moja. Nikasogea kusoma ratiba. Basi la mwisho: saa 11:15.

Treni haikuchelewa. Ilifika kwa dakika yake, kama kawaida ya nchi hii. Na basi liliondoka kwa dakika yake. Kila mmoja alitimiza wajibu wake barabara, na sisi tukabaki kwenye theluji na mabegi yetu.

Mtasema ningekuja na treni ya mapema. Ni kweli, na kosa hilo nalichukua kidogo. Lakini nauliza: aliyeandika "dakika 20 kwa basi" hakuwa na nafasi ya maneno matatu zaidi? Dakika 20 ni kweli tupu, basi likiwapo.

Nikapiga namba ya teksi iliyobandikwa ukutani. Mama wa upande wa pili akaniambia, kwa heshima kubwa, kwamba jioni hiyo ana magari mawili na yote yamekwisha kuwekwa. Nikapiga ryokan. Mwenye nyumba, okami mwenyewe, akaomba radhi mara nyingi hata nikaanza kumwonea huruma yeye. Gari lao lipo. Anayeliendesha ndiye huyohuyo anayechoma samaki jikoni, na saa hiyo wageni walikuwa wanaketi kula. Kupokea wageni kituoni mwisho saa 11.

Tuliokolewa na mzee aliyekuja kumchukua mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari aliyeshuka treni ileile. Mtoto alimnong'oneza babu yake, babu akatutazama, kisha akateremka na kuanza kupakia mabegi yetu bila kuuliza tunatoka nchi gani. Gari lilikuwa lile dogo la namba ya njano. Mama Mkubwa alikaa mbele, mimi na mwanafunzi nyuma, begi moja mapajani. Njiani mzee aliniambia ana miaka 79, na kwamba macho yake usiku siku hizi si mazuri. Hilo alilisema tukiwa kwenye kona ya tatu, theluji inaanguka. Nikamtafsiria Mama Mkubwa sehemu ya kwanza tu.

Tulipofika nikatoa pesa. Akarudi nyuma hatua mbili, akacheka, akasema akizipokea polisi watamkamata. Na sheria iko upande wake: Japani, gari la mtu binafsi halibebi abiria kwa malipo, na wanaofanya hivyo kwa magendo wana jina lao, shirotaku, teksi ya namba nyeupe. Mama Mkubwa akafungua begi palepale kwenye theluji, akatoa doti ya kanga mpya aliyokuwa amemletea rafiki yangu mmoja, akampa kwa mikono miwili. "Mwambie hii si nauli," akasema. Mzee akaipokea kwa mikono miwili vilevile, akainama.

Tukiwa tunavua viatu mlangoni, Mama Mkubwa aliniambia kwa sauti ndogo: "Mwanangu, watu wa huku wakarimu sana. Ila ukarimu wao una saa za kazi."

Hiyo ni mojawapo ya zile sentensi nne.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sitaki mdhani nimekuja kulalamika kuhusu nyumba ile. Kuanzia mlangoni kuingia ndani, sijawahi kupokewa vile maishani, na nimetoka pwani, ambako mtu anaweza kukukasirikia kwa kukataa chai. Okami alitupokea kwa magoti kwenye mkeka. Chakula kilikuwa kimeshapoa, kikapashwa moto upya bila neno. Wakati wa kuweka nafasi nilikuwa nimeandika kwamba hatuli nguruwe wala hatutumii kileo. Nilitarajia la nguruwe lieleweke na la kileo lisahaulike, kwa sababu mpishi wa Kijapani hutia mvinyo mtamu wa mchele, mirin, karibu kila penye mchuzi, na hata chupa nyingi za mchuzi wa soya huwa na kileo ndani yake. Kumbe alikuwa amenunua soya nyingine, ndogo, ya peke yetu, na ameiweka juu ya meza na lebo ikitutazama ili tusihitaji kuuliza. Hilo halifundishwi kwa semina.

Na bafu. Mama Mkubwa alikuja Japani siku nne baada ya kuhudhuria harusi, mikono na miguu imejaa hina na piko hadi kwenye viwiko. Mlangoni mwa bafu kubwa pana kibao: wenye tatuu hawaruhusiwi. Dada wa zamu akaitazama mikono ile, akatazama kibao, akanitazama mimi, masikini, jasho likamtoka kabla hajaingia kwenye mvuke. Ninajua kibao kile kimetokana na nini. Japani michoro ya ngozini ilihusishwa na majambazi wa yakuza, na mwenye bafu alitaka wateja wake waoge kwa amani. Lakini kibao hakijui kutofautisha. Mwaka 2013, huko Hokkaido, mwanamke wa Kimaori kutoka New Zealand alizuiwa kuingia bafuni kwa sababu ya mchoro wa kidevuni, ambao kwao ni ukoo na heshima. Hina yetu hufutika kwa wiki mbili. Mchoro wake ulikuwa wa mababu zake.

Okami hakubishana na kibao wala na sisi. Alileta ufunguo wa bafu la familia, lile la kukodi kwa dakika 45, akasema ni letu usiku huo. Hakujua kwamba alikuwa ametatua na jambo la pili, ambalo Mama Mkubwa alikuwa amelinyamazia tangu Tokyo: hata kati ya wanawake watupu, yeye asingevua kila kitu mbele ya wageni. Dini yake haimruhusu, na umri wake haumruhusu zaidi. Ufunguo mmoja, matatizo mawili. Naomba mlijue hilo wazee wangu, kwa sababu wapo Waislamu wengi wanaofika mpaka mlangoni mwa bafu zenu wakageuka bila kusema sababu. Vazi la kuogea la yuamigi mnalo tayari katika desturi zenu. Wanawake waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti hulivaa, na serikali yenu imewahimiza wenye mabafu wawapokee. Likiwekwa dukani kwenu kwa yeyote anayelitaka, itatosha.

Ndani ya maji Mama Mkubwa alinyamaza muda mrefu. Kisha akanusa, akasema: "Hii si harufu ya Galanos hii?" Kwa wasiojua, Galanos ni chemchemi ya maji ya kiberiti pale Amboni, nje kidogo ya mji wa Tanga, watu wetu huenda kuoga huko wakiwa na upele na maumivu ya viungo. Sheria ya Japani ya mwaka 1948 inasema maji yanayotoka ardhini yakiwa na nyuzi 25 au zaidi, au yakiwa na madini yaliyotajwa hata kama ni ya baridi, yanastahili kuitwa onsen. Nikamwambia basi Galanos nayo ingehesabiwa. Akasema tofauti ni kwamba kule hakuna anayekukunjia taulo.

Narudi kwenye basi, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Asubuhi tulipanda la saa 2:20. Kwa msomaji asiyelijua basi la Japani la mashambani: unaingia mlango wa nyuma, unachomoa kikaratasi chenye namba, na mbele juu ya dereva kuna ubao unaoonyesha kila namba inadaiwa kiasi gani, nauli inapanda kadiri unavyosogea, na unalipa wakati wa kushuka, sarafu kamili, kwenye sanduku lililo kando ya dereva. Huna sarafu, unavunja noti ya yen 1,000 kwenye sanduku hilohilo. Mimi nilikuwa na noti mpya, ile yenye sura ya Kitasato, mtaalamu wa vijidudu, iliyotolewa Julai 2024. Sanduku likaitema. Nikaiingiza tena, likaitema. Dereva, mzee wa kutosha kuwa babu yangu, akaomba radhi: mashine yao haijabadilishwa, kubadilisha ni ghali. Bibi mmoja nyuma yetu akatoa noti ya zamani tukabadilishana. Katika safari hiyo tulikuwa abiria saba: bibi huyo na wenzake wawili wanaokwenda hospitali, wanafunzi wawili, na sisi.

Kwa dakika 20 zile nilizungumza na yule bibi, na ndiye aliyenifungua macho. Alirudisha leseni mwaka juzi. Basi la saa 2:20 ni la hospitali. La jioni linamrudisha. La saa 8 mchana, alisema, hupita tupu mara nyingi hata dereva humpungia mkono mtu yeyote aliye barabarani. Nikamuuliza kuhusu treni ya saa 11:45. Akasema hiyo ni ya watoto wa sekondari wanaobaki shuleni kwa michezo. Wote huchukuliwa na babu zao.

Wazee wangu, hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kila jioni, mbele ya kituo kisicho na mtu, wazee wa miaka 79 wenye macho hafifu wanakuja kwa magari yao kupitia theluji kuchukua wajukuu, kwa sababu basi limeondoka nusu saa kabla. Mkidhani basi la jioni ni ombi la watalii, mtaliweka kwenye fungu la matangazo na litasubiri. Mgeni na mjukuu wanashuka treni ileile. Nauli ya mgeni ndiyo inayoweza kulilipia basi la mjukuu, na likiwapo, yule mzee atabaki nyumbani na chai yake.

Naelewa kwa nini liliondolewa saa hizo. Tangu Aprili 2024 sheria imeweka kikomo cha saa 960 kwa mwaka kwa kazi ya ziada ya madereva, na mapumziko kati ya zamu moja na nyingine yasipungue saa 9. Mimi ninafanya zamu za usiku. Sheria hiyo naiunga mkono kwa mikono yote. Dereva aliyelala vibaya kwenye barabara yenu ya kona kona simtaki. Siombi dereva mmoja afanye kazi zaidi. Naomba lile basi la saa 8 mchana linalowapungia mikono watu wa barabarani lihamishwe, hata kama ni kwa Ijumaa na Jumamosi tu na kwa majira ya theluji, likaisubiri treni ya saa 11:45. Zamu ya mchana itaanza baadaye, itaisha baadaye. Saa ni zilezile.

Ikishindikana, kuna ombi la pili, ambalo nimelihesabu kwa macho yangu. Tulipokuwa tunaondoka nilikaa kituoni hadi saa 5 kasoro nikiwangoja jamaa. Treni moja ilipoingia, magari saba ya nyumba za wageni yalikuwa yamejipanga, kila moja na jina lake ubavuni, kila moja na dereva wake. Mawili yaliondoka na mtu mmoja mmoja. Moja liliondoka tupu. Magari saba saa 5 asubuhi, na saa 11:45 jioni hakuna hata moja, kwa sababu kila jiko linamhitaji mpishi wake. Sheria ya usafirishaji haiwagusi mnapowabeba wageni wenu bure. Mkiwa na gari moja la jioni kwa zamu, leo la nyumba hii, kesho la nyumba ile, likipitia milango yote, kila mpishi atatoka jikoni mara moja kwa wiki au pungufu ya hapo.

Mtaniambia wenye ryokan ni washindani. Kurokawa, kule Kumamoto, nao walikuwa washindani. Mwaka 1986 wakaanza kuuza kibao cha mti cha kuvaa shingoni ambacho mgeni anaingilia mabafu matatu, popote alipolala. Wakang'oa mabango ya kila mmoja barabarani wakaweka ya pamoja, na wakaanza kusema kwamba kijiji kizima ni ryokan moja, njia zake ndizo korido. Reli haifiki hata karibu na Kurokawa. Watu wanaenda. Na Kinosaki, mkoa wa Hyogo, wana msemo wa namna hiyo, kwamba kituo cha treni ndicho ukumbi wa kuingilia. Wao hawakuuacha msemo ukutani: kuanzia mchana hadi jioni basi la chama chao huwapokea wanaoshuka treni na kuwafikisha kwenye nyumba walizoweka nafasi. Kituo chao kiko ndani ya mji wenyewe, nakubali, kazi yao ni rahisi kuliko yenu.

Karibu zaidi na ninyi kuna Nozawa Onsen, mkoa wetu huuhuu. Shinkansen, treni ya kasi, ilipofungua kituo cha Iiyama mwaka 2015, wao wakaweka basi la moja kwa moja hadi kijijini, dakika 25. Lakini jambo la Nozawa ninalolipenda ni jingine. Wana mabafu 13 ya umma, ya bure, yanayotunzwa na wakazi wenyewe kwa vikundi viitwavyo yu-nakama, ndugu wa maji moto. Wanagawana zamu za kusafisha na gharama za taa, na mgeni anaachiwa sanduku la kutia chochote. Hakuna anayekukagua. Hapo kwenu pia mna mabafu mawili ya namna hiyo, nimeyaona, na orodha ya zamu imetundikwa mlangoni kwa mwandiko wa mkono. Watu wanaojua kugawana zamu ya kufagia bafu, zamu ya kubeba mgeni itawashinda vipi?

Pesa. Kwenye risiti yetu kulikuwa na yen 300 za kodi ya kuoga, 150 kwa kila mtu, kiwango cha kawaida kinachotajwa na sheria ya kodi za mitaa. Sheria hiyohiyo inataja kodi hiyo ni ya nini: usafi wa mazingira, kutunza chemchemi, vifaa vya zimamoto, na kuendeleza utalii. Mgeni anayeoga anailipa, na aliyebaki kituoni anasubiri kuilipa. Sijui kwa nini ile ya kuendeleza utalii mara zote huwa vipeperushi. Nilichukua vinne pale ryokan, karatasi nzuri, picha nzuri. Kimojawapo kina ramani ya kijiji yenye kila bafu, kila hekalu, kila duka la kachumbari, na alama ya kituo cha basi. Saa za basi hakina.

Ombi la tatu ni rahisi, halihitaji dereva wala gari: popote palipoandikwa "dakika 20 kwa basi", ongezeni saa ya basi la mwisho. Kwenye tovuti zenu, kwenye barua ya kuthibitisha nafasi, kwenye kurasa za kampuni zinazouza vyumba. Ningalijua, ningalipanda treni ya mapema na barua hii isingekuwapo.

Na yule mzee? Kwa vijiji ambavyo basi na teksi hazitoshi, sheria ya Japani imeacha mlango wazi tangu 2006: halmashauri au chama kisicho cha faida kinaweza kusajiliwa, na wanakijiji wakabeba watu kwa magari yao na kulipwa kwa halali. Sisemi yeye, macho yake nimeshawaambia. Lakini mna vijana watano au sita wanaofanya kazi kwenye mlima wa kuteleza theluji na jioni hawana la kufanya. Mmoja wao angeweza kupokea nauli yangu bila kurudi nyuma hatua mbili.

Najua mnaogopa kitu kingine, na hamkisemi kwa sauti. Mnaogopa Ginzan. Picha za Ginzan Onsen, kule Yamagata, taa za gesi na theluji, zilienea mpaka watu wakagombania mahali pa kupigia picha na magari yakaziba njia; majira ya baridi ya 2024 na 2025 ikabidi wasiolala pale wapunguzwe jioni, wakate tikiti, waache magari mbali na kuletwa kwa basi, na baada ya saa 2 usiku wabaki wageni wa nyumba tu. Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36 mwaka 2024. Nanyi mnafikiri: tukiweka basi zuri, tutafurikiwa. Lakini tazameni Ginzan wenyewe walikimbilia nini walipozidiwa. Basi. Gari la kila mtu ndilo lililowaelemea. Basi unalipangia saa na idadi.

Neno dogo kuhusu vibandiko, kisha namaliza. Njia nzima kutoka mapokezi hadi bafuni nilihesabu picha tisa zenye msalaba mwekundu: usitie taulo majini, usipige picha, usikimbie, usifue, na kadhalika. Kila moja ina haki yake. Kwetu tunasema mgeni ni kuku mweupe. Akifanya kosa anaonekana na kila mtu. Lakini Mama Mkubwa hakujifunza chochote kwenye zile picha. Alijifunza kwa dada wa zamu, yule aliyetoka jasho, aliyekuja baadaye kwenye bafu la familia, akachutama, akajimwagia maji ya uongo kwa ndoo tupu begani, mara tatu, kuonyesha namna ya kuoga kabla ya kuingia. Walicheka wote wawili na hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Mpandisheni mshahara.

Tumeweka nafasi tena. Mama Mkubwa anarudi Februari, safari hii na dada yake, yaani mama yangu mzazi, ambaye hajawahi kuona theluji na anadhani tunamtania. Nyumba ni ileile. Kwa sababu ya zamu yangu ya kazi hatuwezi kupata treni ya mapema. Tutashuka saa 11:45, Ijumaa ya pili ya mwezi. Okami nimeshamwambia. Amesema atajaribu kuongea na jikoni.

Nikishuka nitatazama kwanza kibanda cha basi.

Wenu mtiifu,
Mlezi wa wazee, Mtanga wa Nagano